Moto wa Jukwaa Namba 34

Mwanafunzi anayesoma habari za safari za mwezini hukutana mapema na hesabu isiyokaa sawa. Chombo kilichowafikisha watu mwezini mwaka 1969 kiliitwa Apollo 11. Cha kwanza katika mfululizo huo kupaa na watu ndani yake kilikuwa Apollo 7, mwaka 1968. Kabla yake zilikuwapo Apollo 4, 5 na 6, ambazo zilirushwa bila watu. Namba mbili na namba tatu hazionekani mahali popote. Na namba moja, Apollo 1, imo katika vitabu vyote, lakini chombo hicho hakikunyanyuka kutoka ardhini hata shubiri moja.

Hesabu hiyo iliruka kwa sababu ya moto uliowaka kwa muda mfupi sana jioni ya Ijumaa, tarehe 27 Januari, 1967, juu ya jukwaa la kurushia roketi namba 34 huko Cape Kennedy, katika jimbo la Florida, Marekani. Wanaanga watatu walikufa. Mpango mkubwa kuliko yote ambayo taifa hilo lilikuwa nayo wakati wa amani ulisimama, na wengi walidhani usingeendelea tena. Nakusudia kueleza moto huo ulitokeaje, ulibadili nini, na kwa nini habari yake inatuhusu sisi tuliopita katika shule hii pamoja na ninyi mliomo madarasani sasa, ingawa pengine hakuna hata mmoja wetu anayetazamia kwenda mwezini.

MASHINDANO YA MATAIFA MAWILI

Tarehe 12 Aprili, 1961, Mrusi Yuri Gagarin aliizunguka dunia na kuwa binadamu wa kwanza kufika anga za juu. Wamarekani waliona haya. Wiki sita baadaye, tarehe 25 Mei, Rais John Kennedy alisimama mbele ya Bunge lao na kutangaza kwamba Marekani ingempeleka mtu mwezini na kumrudisha salama kabla mwongo huo wa miaka haujaisha. Aliyasema hayo wakati ambapo mwanaanga mmoja tu wa Kimarekani alikuwa amekwisha kwenda juu, tena kwa dakika 15.

Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilipanga kazi hiyo kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza iliitwa Mercury, chombo cha mtu mmoja. Ya pili ilikuwa Gemini, ya watu wawili. Ya tatu ilikuwa Apollo, ya watu watatu, na ndiyo iliyokusudiwa kufika mwezini.

Ngazi ya kwanza ilipita hata kwetu. Ili kuwasiliana na vyombo vya Mercury vinavyozunguka dunia, NASA ilijenga vituo katika nchi mbalimbali, na kimojawapo kilikuwa kisiwani Unguja. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari, 1962, alizungumza na watu wa kituo hicho alipopita juu ya pwani yetu. Kituo kile kiliondolewa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Kufikia mwisho wa mwaka 1966 Gemini ilikuwa imemaliza kazi yake vizuri. Wamarekani walikuwa wamejifunza kukutanisha vyombo viwili angani na kutoka nje ya chombo. Ilibaki Apollo, na miaka mitatu. Safari ya kwanza ya Apollo yenye watu ilipangwa kuanza tarehe 21 Februari, 1967.

WATU WATATU

Kiongozi wa safari hiyo alikuwa Virgil Grissom, ambaye wenzake walimwita Gus. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alikwisha kuruka mara mbili, mara ya kwanza kwa Mercury mwezi Julai, 1961, na mara ya pili kwa Gemini mwezi Machi, 1965. Katika safari ile ya kwanza, chombo kilipotua baharini mlango wake ulifyatuka wenyewe kabla ya wakati. Maji yaliingia, chombo kikazama, na Grissom aliponea chupuchupu kufa maji. Msomaji auweke mlango huo akilini, kwa maana tutakutana na mlango mwingine.

Wa pili alikuwa Edward White, miaka 36, Mmarekani wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea angani, mwezi Juni, 1965. Wa tatu, Roger Chaffee, alikuwa na miaka 31 na hakuwa amepata kuruka hata mara moja.

Watu hawa hawakukipenda chombo walichopewa. Kilikuwa cha muundo wa kwanza wa Apollo, na kilifika Florida kutoka kiwandani kikiwa na kazi nyingi ambazo hazijamalizika. Marekebisho yalikuwa mengi kiasi kwamba chombo cha kufanyia mazoezi hakikuweza kulingana na chombo chenyewe. Siku chache kabla ya ajali Grissom alichukua limau na kulitundika kwenye chombo hicho cha mazoezi. Kwa Wamarekani, kukiita kitu limau ni kusema kwamba ni kibovu tangu kilipotengenezwa. Mwaka uliotangulia, wote watatu walimpa mkuu wa ofisi ya chombo cha Apollo, Joseph Shea, picha yao wakiwa wameinamisha vichwa na kufumba mikono mbele ya mfano wa chombo hicho, kama watu wanaosali. Ilikuwa mzaha, lakini ni mzaha wa watu wenye wasiwasi.

JARIBIO LILILOHESABIWA KUWA HALINA HATARI

Kazi ya siku ile ya Ijumaa haikuwa kuruka. Lilikuwa jaribio la kuona kama chombo kinaweza kujitegemea kwa umeme wake chenyewe baada ya nyaya za ardhini kuondolewa. Roketi iliyokuwa chini yake haikuwa na mafuta hata tone. Kwa kuwa hapakuwa na mafuta, kanuni za wakati ule hazikuliweka jaribio hilo katika orodha ya majaribio ya hatari. Na kwa kuwa halikuwa katika orodha, hapakuwekwa kikosi cha zimamoto wala cha uokoaji, wala madaktari, karibu na jukwaa.

Wanaanga waliingia ndani saa 7 mchana. Mara Grissom akasikia harufu kama ya maziwa yaliyochacha katika hewa anayovuta. Kazi ikasimama zaidi ya saa nzima ili kutafuta chanzo chake, kisha ikaendelea. Saa 8:45 mchana milango ilifungwa, na chombo kikajazwa oksijeni tupu.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa maana ndipo kiini cha jambo kilipo. Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni kiasi cha sehemu moja tu katika tano, na sehemu kubwa iliyobaki ni naitrojeni. Angani NASA ilitumia oksijeni tupu, lakini kwa mgandamizo mdogo, yapata theluthi moja ya ule wa hewa ya kawaida. Mpango huo ulipunguza uzito na mitambo, na ulikuwa umefanya kazi vizuri katika Mercury na Gemini. Ardhini, hata hivyo, chombo kilijazwa oksijeni tupu kwa mgandamizo unaozidi kidogo ule wa nje, yaani paundi 16.7 kwa kila inchi ya mraba. Kila mwanafunzi aliyepita katika maabara ya kemia amepata kuingiza kijiti chenye kaa dogo katika chupa ya oksijeni akaona kinavyolipuka kwa mwali. Wanaanga hawa walikuwa wamekaa ndani ya chupa ile.

Na humo ndani vilikuwamo vijiti vingi. Palikuwa na nyavu za nailoni za kuzuia vitu visidondoke, magodoro ya sponji, na vipande vya Velcro vilivyobandikwa kila mahali ili vitu visielee angani. Vitu ambavyo katika hewa ya kawaida huwaka polepole au huzimika vyenyewe, katika oksijeni tupu huwaka kama baruti.

Mlango nao ulikuwa na matatizo yake. Kwa hakika ilikuwa milango mitatu, mmoja juu ya mwingine. Ule wa ndani kabisa ulifunguka kuelekea ndani, na mgandamizo wa hewa ya ndani ndio uliosaidia kuukaza. Angani hilo ni jambo jema, kwa kuwa mlango hauwezi kufyatuka. Katika mazoezi, mambo yakienda vizuri, kuifungua kulichukua si chini ya sekunde 90.

SEKUNDE KUMI NA SABA

Alasiri nzima simu za chombo zilisumbua. Sauti zilikatika na kukoroma. Grissom alilalamika akauliza watafikaje mwezini ikiwa hawawezi kusikilizana kati ya jengo moja na jingine. Saa 11:40 jioni hesabu ya kurudi nyuma ilisimamishwa, zikiwa zimesalia dakika kumi, ili mafundi warekebishe mawasiliano.

Saa 12:31 jioni sauti kutoka ndani ya chombo ilitaja moto. Sekunde chache baadaye sauti nyingine ilisema kwamba kuna moto ndani. Baada ya sekunde zipatazo 15 tangu kelele ya kwanza, ukuta wa chombo ulipasuka kwa nguvu ya hewa iliyopata joto. Sekunde mbili tatu baadaye sauti zilikatika kabisa.

Kila mmoja alifanya kazi yake. Taratibu zilimtaka White, aliyekaa katikati, aufungue mlango, na Chaffee abaki kitini ashike mawasiliano. Chaffee alikutwa kitini pake. White alikutwa chini ya mlango, na Grissom karibu naye. Mgandamizo uliokuwa ukipanda uliusukuma mlango kwa uzito wa tani nyingi, na hakuna binadamu ambaye angeweza kuuvuta.

Mafundi waliokuwa juu ya mnara walikimbilia chombo mara moja. Moshi ulikuwa mzito hata hawakuona mikono yao, na vifaa vyao vya kujikinga pumzi havikuwa vimetengenezwa kwa moshi wa namna hiyo. Juu ya vichwa vyao palikuwa na roketi ndogo ya kuokolea, yenye baruti kavu, ambayo ingeweza kushika moto na kuwaua wote. Hawakuondoka. Waliingia na kutoka kwa zamu, wakikohoa, mpaka milango yote ikafunguka baada ya dakika zipatazo tano. Walikuwa wamechelewa. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba wanaanga walikufa kwa kuvuta hewa ya sumu ya moto, na kwamba majeraha ya kuungua peke yake pengine yasingewaua.

Jioni hiyohiyo, huko Washington, London na Moscow, wajumbe wa mataifa walikuwa wametia sahihi mkataba wa matumizi ya amani ya anga za juu. Baadhi ya wakubwa wa mpango wa Apollo walikuwa mjini Washington kwa shughuli hiyo habari zilipowafikia.

YALIYOGUNDULIWA

Bwana James Webb, mkuu wa NASA, alimwomba Rais Lyndon Johnson aiachie NASA ijichunguze yenyewe, na alikubaliwa. Wapo walionung'unika, kwa maana si kawaida mshitakiwa kuwa hakimu. Tume iliongozwa na Floyd Thompson, mkuu wa kituo cha utafiti cha Langley, na mwanaanga Frank Borman alikuwa mjumbe. Chombo kilichoungua kilifunguliwa kipande kwa kipande. Chombo kingine cha aina hiyohiyo kililetwa na kufunguliwa kando yake, ili kila kipande kilichoungua kilinganishwe na kizima.

Taarifa ilitoka mwezi Aprili, 1967. Tume ilisema haikuweza kupata cheche ile yenyewe iliyoanzisha moto. Ilielekea zaidi kwamba ilikuwa shoti ya umeme kwenye nyaya zilizo chini, upande wa kushoto, karibu na kiti cha Grissom. Lakini tume haikuishia kwenye cheche. Ilisema kwamba chombo kilikuwa na kasoro katika usanifu, katika utengenezaji na katika ukaguzi. Nyaya zilipita mahali zinapoweza kuchubuka. Mabomba ya kupoza mitambo yalivuja maji yanayoweza kuwaka. Ndani ya chombo kilikutwa hata kipande cha spana kilichosahauliwa na fundi. Juu ya yote, hakuna aliyekaa chini akajiuliza, moto ukitokea wakati chombo kipo ardhini, watu hawa watatokaje.

BARUA ZILIZOKUWA JALADANI

Sisi tunaofanya kazi serikalini sehemu hii inatugusa zaidi, kwa sababu maonyo yalikuwapo, tena kwa maandishi.

Mwishoni mwa mwaka 1965 Jenerali Samuel Phillips, mkurugenzi wa mpango wa Apollo, alikikagua kiwanda cha kampuni ya North American Aviation kilichokuwa kikitengeneza chombo. Alirudi na waraka mkali kuhusu ucheleweshaji, gharama na ubora wa kazi. Waraka huo ulipelekwa kwa wahusika ukabaki huko. Baada ya ajali, Seneta Walter Mondale aliuulizia hadharani katika kamati ya Baraza la Seneti, na Bwana Webb akaonekana hajui habari zake. Hilo lilimletea fedheha kubwa kuliko hata maswali ya moto.

Mwezi Septemba, 1966, mkubwa mmoja wa kampuni ya General Electric alimwandikia Shea akitahadharisha juu ya hatari ya moto ndani ya chombo chenye oksijeni tupu. Jibu lilipatikana baada ya majuma mengi, nalo lilisema kwamba jambo hilo linaangaliwa ipasavyo. Shea mwenyewe alikuwa amekwisha kuagiza vitu vinavyowaka vipunguzwe, lakini agizo halikufuatiliwa hadi mwisho.

Ndugu zangu watumishi wa umma watautambua mwendo huu. Hakuna aliyekuwa adui wa wanaanga. Hakuna aliyeiba. Barua iliandikwa, ikapokelewa, ikapigwa mhuri, ikajibiwa kwa lugha nzuri, ikawekwa jaladani. Kila ofisi ilikuwa na ushahidi kwamba imefanya kazi yake. Kisichokuwapo ni mtu mmoja wa kunyanyuka kitini akaenda kuutazama mlango.

MIEZI ISHIRINI YA KUSUBIRI

Matokeo ya kwanza yalikuwa kusimama kwa safari zote zenye watu. Kutoka moto ule hadi Mmarekani wa kwanza kupaa tena ilipita zaidi ya miezi 20. Shea aliondolewa katika nafasi yake na George Low akaishika. Kampuni nayo ilibadili uongozi wa kazi hiyo. Iliamuliwa kwamba vyombo vya muundo wa kwanza visibebe watu kamwe.

Mabadiliko katika muundo wa pili yalikuwa makubwa. Milango mitatu iliondolewa, ukawekwa mmoja uliofunguka kuelekea nje kwa sekunde chache tu. Chombo kikiwa jukwaani kilijazwa mchanganyiko wa oksijeni asilimia 60 na naitrojeni asilimia 40, na oksijeni tupu ilibaki kwa angani ambako mgandamizo ni mdogo. Nailoni ya mavazi ilibadilishwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kisichowaka. Nyaya zilifunikwa. Vitu vyote vilivyobaki ndani vilijaribiwa kwa kuchomwa moto kwa makusudi. Low aliunda kamati iliyopitia kila badiliko lililopendekezwa, hata liwe dogo namna gani, na hadi watu walipofika mwezini ilikuwa imepitisha zaidi ya 1,300.

Hata majina yalipangwa upya. Wajane waliomba namba moja ibaki kwa safari ambayo waume zao hawakuifanya. NASA ilikubali, ndipo Apollo 1 ikaingia katika historia. Namba mbili na tatu hazikutumika. Apollo 4 ilirushwa tarehe 9 Novemba, 1967, bila watu, kuijaribu roketi kubwa ya Saturn V. Mwezi Januari, 1968, roketi ileile iliyokuwa chini ya Grissom na wenzake, ambayo moto haukuidhuru, iliipeleka Apollo 5 angani. Tarehe 11 Oktoba, 1968, Apollo 7 ilipaa na watu watatu kutoka jukwaa lilelile namba 34. Miezi miwili baadaye Apollo 8, ikiongozwa na Frank Borman aliyekuwa katika tume ya uchunguzi, iliuzunguka mwezi. Tarehe 20 Julai, 1969, Neil Armstrong na Edwin Aldrin walitua mwezini, mwaka wa ahadi ya Kennedy ukiwa na miezi mitano zaidi kabla ya kwisha. Waliacha huko beji ya Apollo 1.

Wengi walioufanyia kazi mpango huo walisema baadaye kwamba bila moto ule wasingefika. Mimi nalipokea neno hilo kwa uangalifu. Ni kweli kwamba miezi ile ya kusubiri ilitumika vizuri, maana Saturn V na chombo cha kutua mwezini vilikuwa nyuma ya ratiba, na vingechelewesha safari hata bila ajali. Ni kweli pia kwamba chombo kile kama kingeungua kikiwa njiani kwenda mwezini, isingejulikana kamwe sababu yake. Lakini kusema kwamba vifo vile vilihitajika ni kuwaonea marehemu. Mlango unaofunguka nje ungeweza kutengenezwa mwaka 1966 kama ulivyotengenezwa mwaka 1967. Kilichokosekana hakikuwa elimu.

UPANDE WA PILI

Warusi nao walikuwa na misiba yao, ila wao waliificha. Tarehe 24 Oktoba, 1960, kombora la R-16 liliwaka jukwaani huko Baikonur wakati mafundi wengi wakilirekebisha likiwa limejaa mafuta. Waliokufa ni watu wengi, akiwamo Mkuu wa Majeshi ya Makombora, Mitrofan Nedelin. Ilitangazwa kwamba amekufa kwa ajali ya ndege, na ukweli ulitolewa wazi mwaka 1989. Mwezi Machi, 1961, mwanaanga kijana, Valentin Bondarenko, aliungua katika chumba cha mazoezi chenye oksijeni nyingi, pamba yenye spiriti ilipoangukia jiko la umeme. Mlango haukufunguka upesi kwa ajili ya mgandamizo. Alifariki hospitalini, na habari zake zilikaa gizani hadi mwaka 1986.

Tarehe 3 Julai, 1969, wiki mbili tu kabla ya Apollo 11 kuondoka, roketi yao kubwa ya N1 iliyokusudiwa kwa safari ya mwezini ilianguka juu ya jukwaa lake na kulivunjavunja. Roketi hiyo ilijaribiwa mara nne kwa jumla na haikufaulu hata mara moja. Mwishowe waliiacha.

Sisemi kwamba uwazi peke yake uliwapa Wamarekani ushindi. Walikuwa na fedha nyingi zaidi, na wao pia walikwisha kuona mioto midogo katika vyumba vyao vya majaribio vya oksijeni kabla ya 1967, wasijifunze. Lakini taarifa ya tume ya Thompson ilichapishwa, wabunge waliisoma, magazeti yaliijadili, na fundi wa kawaida alijua ni kosa gani asilirudie. Kosa lililofichwa hufundisha wachache, nao hulisahau.

Hata hivyo, uwazi nao huchakaa. Tarehe 28 Januari, 1986, chombo Challenger kilivunjika angani na watu saba wakafa, baada ya wahandisi kuonya kuhusu baridi ya siku ile. Tarehe 1 Februari, 2003, Columbia ilivunjika ikirudi duniani, na saba wengine wakafa. Misiba hiyo mitatu inaangukia karibu juma moja la mwaka, na NASA huikumbuka pamoja. Kizazi kilichouona moto wa jukwaa namba 34 kilikuwa kimestaafu, na majalada yakawa yamejaa tena.

NENO KWA SHULE

Nimeiandika habari hii katika jarida letu kwa sababu moja. Wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994. Wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Kulala hakuhesabiwi popote kuwa kazi ya hatari, kama vile jaribio la siku ile lilivyokuwa halihesabiwi. Tunatia vyuma madirishani kwa nia njema ya kuzuia wezi, kama wahandisi wale walivyoukaza mlango kwa nia njema ya kuzuia hewa isitoke.

Katika mkutano wetu wa mwaka huu tunachanga fedha za kukarabati mabweni. Rangi itapakwa, na vitanda vitaletwa. Naomba kabla ya rangi kamati itazame milango. Iwe miwili kwa kila bweni, ifunguke kwa nje, na ufunguo wake ukae mahali anapojua kila mtoto. Vyuma vya madirisha viwe na sehemu inayofunguka kutoka ndani. Na ninyi wanafunzi, usiku mmoja katika muhula, mwombeni mwalimu wa zamu azime taa, ahesabu sekunde, na muone mnatoka kwa muda gani.

Wale watatu walipewa mlango wa sekunde 90, na moto ukawapa 17.